Shangazi, nangoja tangazo mwaka wa nne sasa

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27, nakaa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, Mkoa wa Kusini Unguja. Nilimaliza shahada ya ualimu wa sayansi mwaka 2021, masomo yangu ni Biolojia na Kemia. Tulipokuwa chuoni tulikuwa tukiambiwa walimu wa sayansi hawakai mtaani. Mie nimekaa mtaani mwaka wa nne huu.

Si kwamba nimelala. Tangu 2022 nasomesha kwa kujitolea katika skuli moja ya sekondari ya hapa karibu, siku tano kwa wiki, vipindi 22. Wazazi hunichangia kidogo. Kuna mwezi napata elfu thelathini, kuna mwezi sipati kitu. Kila nafasi za ajira zilipotoka niliomba, na nimeitwa usaili mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kwenye mtihani wa kuandika. Mara ya pili nilifika mpaka mahojiano. Nilijibu maswali yote, na mmoja wa waliokuwa wakinihoji aliniambia, "Hongera, mwalimu." Nikarudi nyumbani nikamwambia mama aanze kushukuru. Majina yalipotoka niliisoma orodha mara tatu. Nikajitafuta kwa jina langu, nikajitafuta kwa la baba, nikajitafuta kwa la babu. Sikuwemo.

Tangu siku ile nimeingia tabia ambayo hata mama haijui. Kila usiku saa nane nashituka, nachukua simu, nafungua mfumo wa maombi ya ajira, naangalia. Hakuna kitu. Naingia kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, mtu kaandika "wiki ijayo zinatoka nafasi mia tano". Wiki ijayo inapita. Mwengine anaandika "mpaka baada ya bajeti". Bajeti inapita. Nakaa macho mpaka adhana ya alfajiri, kisha nakwenda skuli kichwa kizito kama nimebeba ndoo.

Mama yangu analima mwani. Kila bamvu hutoka na wenzake maji yakipwa, hurudi maji yakijaa, kanga imemganda mwilini na miguu imechubuka kwa mawe. Mgongo unamuuma miaka mingi. Fedha ya mwani ndiyo iliyonishika chuoni pale mkopo ulipochelewa. Na mpaka leo, Shangazi, ndiye anayenipa elfu mbili ya bando niangalie ajira. Hasemi neno. Ananiwekea juu ya kabati, anatoka. Wallahi ile noti inaniuma kuliko maneno ya watu.

Na maneno ya watu yapo. Nikipita dukani naulizwa, "Bado tu?" Siku hizi napita njia ya nyuma. Mdogo wangu wa kiume hakumaliza hata kidato cha nne, anatembeza wageni kwa boti, kashainua msingi wa nyumba.

Mwezi uliopita hoteli moja ilitaka kunipa kazi ya mapokezi, mkataba wa miezi sita. Nilikataa. Nilijiambia nafasi za serikali zitatoka nikiwa huko, nitapitwa. Na kusema kweli niliona haya. Wanafunzi wangu wanione nimesimama mlangoni napokea mabegi ya wageni? Meneja kaniambia nikibadilisha mawazo nimjulishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Jioni kuna watoto huja barazani kwetu kuniuliza maswali ya Kemia, sita, saba, siku nyengine kumi. Hiyo ndiyo saa pekee ninayosahau. Wakiondoka naanza tena.

Nimesoma vitabu, nimesikiliza wahamasishaji. Wote wananiambia niamini, nifikiri mazuri, kila jambo na wakati wake. Mwanzo yalinitia nguvu, sasa yananichosha. Suala langu ni moja: mtu anaendelea vipi kutumaini kitu ambacho hajui kama kitakuja? Au bora niache kutumaini nipumzike?

Ni mimi, Mwalimu Asiye na Skuli, Kusini Unguja.

* * *

Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku tatu. Kila nikiisoma macho yananirudi kwenye ile noti ya elfu mbili juu ya kabati. Nitaifikia. Kwanza nianze na usingizi, maana mtu asiyelala hata akiambiwa maneno ya dhahabu hayamwingii.

Hujaniandikia ni muda gani sasa. Kama ni wiki nyingi hulali, chakula hakishuki, na hata ile raha ya watoto wa barazani imeanza kupungua, nenda kituo cha afya ukamwambie daktari vile vile ulivyoniambia mie. Na ikiwa limewahi kukupitia wazo kwamba bora usingekuwepo, usingoje kesho. Mwambie mama leo, au mtu mzima unayemwamini, akusindikize. Hayo ni maradhi kama homa ya matumbo. Yana matibabu, na wapo watu waliosomea kuyatibu.

Simu iwe inalala chumbani kwa mama. Nafasi za serikali hutangazwa hadharani na watu huachiwa siku za kuomba. Hakuna nafasi inayofunguliwa saa nane ya usiku ikafungwa alfajiri. Chagua siku mbili, tuseme Jumatatu na Alkhamisi baada ya chakula cha mchana, ufungue, uangalie, ufunge. Nakala za vyeti ziwe zimeshathibitishwa na wakili, barua ya maombi iwe imeshaandikwa, ili tangazo likitoka kazi yako iwe ni kubadilisha tarehe tu. Kwenye yale makundi chukua tangazo rasmi. "Nimesikia" na "inasemekana" uziache zipite.

Jengine kabla sijajibu suala lako. Ile orodha uliyoisoma mara tatu, hujaniandikia kama ulilia. Naona ulitoka hapo ukaingia moja kwa moja kwenye simu. Ulifika mahojiano, ukajibu, ukaambiwa hongera, ukamwambia mama ashukuru, kisha ikawa vile. Huo ni msiba, na hakuna aliyekuja kukupa pole. Basi nakupa mie: pole sana mwanangu. Wanaojibu vizuri siku ya usaili huwa wengi kuliko viti vilivyopo. Kukosa kwako siku ile hakukufuta hata jibu moja ulilolitoa mle ndani.

Sasa nikujibu, na nitakujibu kwa lililonipata mwenyewe, kwa sababu ya vitabuni umeshayasoma.

Disemba 2009 wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi na moja hivi, huenda unakumbuka. Umeme wa Unguja ulikatika. Waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara ulipata hitilafu upande wa Fumba, na kisiwa kizima kikakaa gizani miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Mwaka mmoja na nusu nyuma yake, Mei 2008, tulikuwa tumeshakatikiwa karibu mwezi mzima, kwa hivyo tulijiona wazoefu. Mie wakati huo nilikuwa nauza barafu za ukwaju na za ubuyu nyumbani kwangu, mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja. Nilikuwa na friza moja ya kulaza, na friza ile ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto wawili.

Siku ya tatu nilizigawa barafu zote kwa watoto wa mtaa, zimeshakuwa maji. Nikaiosha friza kwa sabuni na ndimu, nikaipangusa, nikaacha mfuniko wazi ikauke. Mtaani wakasema umeme unarudi Ijumaa. Nikachemsha ukwaju, nikauchuja, nikautia sukari, nikaungoja umeme wa Ijumaa. Haukuja. Ukwaju ukachacha nikaumwaga. Wakasema kabla ya mwaka mpya. Nikaipangusa friza upya, nikachemsha ukwaju mwengine. Nikaumwaga. Ilikuwa hivyo mara nne, mwanangu. Mara ya nne nilikaa chini jikoni, sufuria mbele yangu, nikalia mpaka kanga ikarowa. Sukari ilikuwa imekwisha, ada ya skuli ilikuwa inadaiwa, na kila tarehe iliyopita ilikuwa imenichukulia kitu ambacho sikuwa nacho tena.

Nilikuwa na jirani, Mungu amrehemu, mshoni. Cherehani yake ilikuwa ya umeme. Yeye haikupita wiki alishaitoa uvunguni cherehani ya marehemu mama yake, ile ya kuzungusha kwa mkono, akaitia mafuta, akakaa nayo mlangoni penye mwangaza. Alinikuta jikoni nalia. Hakuniambia nitumaini wala nisitumaini. Aliitazama friza, akagonga ubavu wake kwa kidole, akasema, "Hili ni kabati zuri. Panya hawaingii."

Kesho yake nikatia ndani ya friza unga wa mchele, sukari, hamira na hiliki, vyote vya kukopa. Nikaanza kukaanga vitumbua, naamka saa tisa usiku, jiko la mkaa na koroboi pembeni. Watu wa mtaa wetu walikuwa wanahitaji kula asubuhi, umeme uwepo usiwepo.

Kuna mtu alikuja kutaka kuinunua ile friza kwa bei ya kutupa, na dhiki ilikuwepo, lakini sikuiuza. Nilikuwa bado naamini umeme utarudi na barafu nitauza tena. Nilichokiacha siku ile jikoni ni zile tarehe. Umeme uliporudi mwezi Machi nilikuwa nimekaa mbele ya kikaango, sikujua mpaka niliposikia mtaa mzima unapiga vigelegele. Nikamaliza vitumbua vilivyobaki kwenye bakuli, kisha ndiyo nikanyanyuka kwenda kuitoa hiliki kwenye friza.

Unaniuliza uache kutumaini au uendelee. Mie naona unayapa jina moja mambo mawili. Kuna kuwa mwalimu, na kuna kuliona jina lako kwenye orodha siku fulani. Saa nane ya usiku unaamka kwa ajili ya orodha. Hiyo haimo mkononi mwako, huwezi kuisogeza hata kwa shubiri, ndiyo maana inakuchosha na itaendelea kukuchosha. Ualimu unao tayari. Unao barazani kwenu kila jioni, umeuandika mistari miwili tu kisha ukaruka, kama kwamba haukuwa wa maana.

Wazee walisema subira yavuta heri, na nimeona watu wakilitumia neno hili kumnyamazisha mwenye dhiki. Wewe lisikilize lenyewe: yavuta. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa juya, ule wavu mkubwa. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukenda kuwatazama wakilivuta, kamba mabegani, visigino vimezama mchangani, mishipa ya shingo imetoka. Wanavuta hawajui ndani mna nini, na hawaachi kuvuta.

Na umesoma Sura ya Yusuf. Nabii Yusuf alimwomba mwenzake aliyekuwa anatolewa gerezani amtaje kwa bwana wake. Yule akasahau, Yusuf akakaa ndani miaka mengine. Lakini elimu ya ndoto iliyokuja kumtoa alikuwa akiitumia mle mle gerezani, kwa wafungwa wawili, kabla hajajua kama iko siku mfalme ataota. Nimewafikiria wafungwa wale wawili kila nilipofika pale ulipowataja watoto wako saba.

Basi tuzungumze habari za watoto saba. Waite wazazi wao, au uwapitie nyumbani mmoja mmoja baada ya magharibi. Waambie unafungua tuisheni ya Kemia na Biolojia, siku nne kwa wiki, kwa malipo ya mwezi ambayo mvuvi na mkulima wa mwani wanayaweza. Taja kiasi kwa sauti ya kawaida, usiinamishe uso. Asiye nacho mtoto wake aje hivyo hivyo, lakini yeye mwenyewe akwambie kuwa hana. Usiwe unakisia. Nunua daftari kubwa. Kila mwanafunzi apate ukurasa wake: alipoanza alipata ngapi, mwezi wa pili ngapi, mtihani wa kidato cha nne ametoka na nini. Siku utakayoitwa usaili wa tatu, wakikuuliza umefanya nini miaka yote hii, utalifungua mbele yao. Na ikiwa usaili wa tatu hauji, bado mna watoto humo waliofaulu Kemia.

Kuhusu skuli unayojitolea, vipindi 22 kwa wiki ni mzigo wa mwalimu mwenye mshahara. Naheshimu moyo wako, na najua wanafunzi hawana mwengine. Lakini umeubeba peke yako miaka mitatu, na naogopa ndani yake mna kamchezo ka kutaka mtu aone, aseme huyu anastahili. Mwendee mwalimu mkuu kwa adabu zote, umwombe mawili. La kwanza barua yenye muhuri inayosema tangu lini unasomesha, masomo gani, madarasa gani. La pili akupunguzie siku. Akikataa la pili, la kwanza asikose kukupa.

Hoteli. Hapa najua kuna wasomaji wangu watakaonikasirikia, lakini nasema ninavyoona: ichukue. Iwe na mkataba wa maandishi uliousoma wote. Uulize kama watakuchangia kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Uulize zamu ya usiku utarudi nyumbani kwa gari gani, na jibu lisiwe "tutaona". Wakikukwepa katika haya, waachie kazi yao. Wakikujibu vizuri, ingia. Maombi ya ajira yanapelekwa kwa simu, na hiyo simu utakuwa nayo huko huko. Ukiitwa usaili utaomba ruhusa ya siku moja kama watu wote. Huenda skuli ikabidi isimame kwa miezi hiyo sita, na itakuuma. Barazani usipaache. Panga zamu zako kwa ajili ya baraza.

Haya uliyoyaona ya wanafunzi kukukuta mapokezi, yatafakari tena. Wewe unaijua pwani yenu. Wangapi katika darasa lako watakuja kufanya kazi mahotelini? Wanafunzi hao wakimkuta mwalimu wao yupo pale, anazungumza na mgeni kwa heshima na kifua mbele, kisha jioni wakamkuta barazani na chaki mkononi, sioni watapungukiwa na nini. Na mdogo wako usimtazame kwa kipimo cha msingi wa nyumba. Mwaka 2020 wageni walipokatika na mahoteli yakafungwa, vijana wa boti walirudi miambani kutafuta pweza. Naye anaishi na bahari asiyojua kesho itampa nini. Huenda mkizungumza mkafahamiana kuliko unavyofikiri.

Sasa ile noti.

Mwani wa biashara ulianza pwani yenu mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Ikiwa mama yako ana umri ninaoudhania, basi alipofunga kamba yake ya mwanzo alikuwa mdogo kuliko wewe ulivyo leo. Kulikuwa na aina mbili, spinosamu na kotonii, na kotonii ndiyo iliyokuwa na bei. Kisha, miaka ya 2000 ilipoingia, kotonii ikaanza kufa. Maji ya kina kifupi yalikuwa yanazidi joto. Matawi yakageuka meupe, yakawa laini kama yaliyopikwa, yakakatika, mkondo ukayachukua. Wewe umesoma Biolojia, utanieleza vizuri zaidi yaliyokuwa yakitokea ndani ya lile tawi. Mama yako alilishika mkononi.

Kinamama wale walifunga mbegu tena, ikafa. Wakafunga tena, ikafa. Wengine wakaacha, na siwezi kuwalaumu, kilo ilikuwa hailipi hata nauli. Wengine wakabaki na spinosamu ya bei ndogo wakaongeza kamba. Wengine wakasogea kwenye maji ya kina, na wengi wao hawakuwa wakijua kuogelea. Wengine wakajifunza kuusaga mwani na kuutia kwenye sabuni, wakauza sabuni badala ya gunia. Nimekutana na baadhi yao. Ukiwauliza walifanya vipi wanakwambia "tulifanya tu", wanabadilisha mazungumzo.

Mama yako hajakusimulia, nadhani. Wengi hawasimulii. Lakini kila wiki sita mwanamke huyo anafunga mbegu asiyojua itafika kilo ngapi, wala mnunuzi atakuja na bei gani, na amefanya hivyo tangu hujazaliwa. Kisha anaingia ndani, anafungua fundo la kanga, anakuwekea elfu mbili juu ya kabati. Wewe umeisoma noti ile kama hati ya deni. Mimi, kwa ninavyowajua wanawake wa mwani, naisoma kama kijitawi kingine alichokifunga kwenye kamba.

Mwambie habari za saa nane ya usiku. Usimfiche. Unadhani unampunguzia mzigo, kumbe ananyamaza kwa sababu ameona taa ya simu chini ya mlango na hajui aanze vipi. Na fedha ya mwanzo ya tuisheni nunua bando mwenyewe, umwambie, "Mama, mwezi huu ninayo."

Lipo jambo moja zaidi, nalo ni dogo. Mbegu za kotonii bado watu wanazijaribu huku na kule, na kina cha maji, joto na mkondo ni mambo yanayotaka mtu wa kupima na kuandika. Mama anajua sehemu gani ya bahari maji huwa baridi. Wewe unajua kwa nini ubaridi ule unaufaa mmea. Nyumba moja, na sidhani mmewahi kukaa mkalizungumza. Sikwambii ukalime mwani. Nakwambia mna mazungumzo ambayo bado hamjayafanya.

Meneja mpigie kesho asubuhi, umuulize yale matatu. Kisha bamvu lijalo toka na mama. Kabla maji hayajapwa huwa wanakaa kivulini wanafunga mbegu kwenye kamba, kina fulani na fulani, wanazungumza. Kaa ubavuni kwake, uchukue mwisho wa kamba, ufunge naye. Wenzake wakishazama kwenye mazungumzo yao, muulize kwa sauti ya chini: ule mwaka kotonii ilipokufa, ulifanya nini, na ulimwambia nani? Usimkatize akianza kusema, hata akinyamaza katikati.

Kisha niandikie alichokujibu.

Wako, Shangazi